Mikanda minane na harusi ya dada: nipime filamu kwanza au nipige tu kwa hisia?

"Shikamoo mwalimu. Nina Olympus OM-1 niliyoachiwa na mjomba, lensi yake ile 50mm f/1.8, betri ilikuwa imekufa nikaweka mpya ya duka la saa. Napiga HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe, nasafisha mwenyewe nyumbani Dar kwa dawa ya D-76 nusu kwa nusu na maji, dakika 11 kama chati inavyosema. Matokeo mchanganyiko, zingine poa ila nyingi nyuso za watu zinakuwa giza tupu, halafu kanzu au shati jeupe linaungua mpaka halina hata mkunjo. Jamaa yangu mmoja anasema nisipige kitu mpaka nipime filamu kitaalamu, nitafute densitometa (mashine ya kupima weusi wa filamu), kadi ya kijivu ya kupimia mwanga, nichore na grafu. Mwingine anasema hayo ni mambo ya maabara, wakubwa wote walipiga kwa hisia. Mwezi wa 8 dada anaolewa Pangani, nimebakiwa na mikanda 8 na hela ya kuongeza sina. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa dada. Swali lako nimelisoma mara tatu, mana mwanzo nilidhani ni ule ubishi wa siku zote wa wapimaji na wapiga kwa hisia, kumbe ndani yake kuna tatizo lingine kabisa ambalo hao rafiki zako wote wawili hawajaligusa. Unavyoeleza, nyuso giza na kanzu kuungua kwenye picha hiyohiyo, mi naona makosa mawili tofauti yamekutana, na hakuna hata moja linalohusu hisia zako. Kwahiyo kabla ya kuchagua upande, tuanze hapo.

Chukua negativu yako moja mbaya, yaani filamu iliyoshasafishwa ambayo vyeupe vimegeuka vyeusi, iweke kwenye dirisha lenye mwanga, usiangalie picha kwanza, angalia pembeni kwenye matundu. Kuna maandishi na namba za picha, zile zimechapwa na kiwanda kwa mwanga wao wenyewe, kamera yako haihusiki nazo hata kidogo. Sasa kama hayo maandishi yamekolea vizuri lakini sehemu ya uso wa mtu ni nyepesi, unaona ng'ambo kama plastiki tupu, basi filamu haikupata mwanga wa kutosha. Kama na maandishi yenyewe yamefifia, basi usafishaji ndo haukutosha. Halafu weka ile sehemu ya kanzu, ambayo kwenye negativu ndo nyeusi zaidi, juu ya gazeti. Ukiweza kusoma herufi za gazeti kupitia pale pazito, uko salama, ukiona ukuta mweusi hausomi kitu, umesafisha kupita kiasi. Nakuhakikishia nusu ya maswali ninayoulizwa yanaishia hapo dirishani, bila mashine yoyote. Na yako nahisi yatakwambia hivi: maandishi yamekolea sana, nyuso nyepesi, kanzu ukuta.

Kwanini nahisi hivyo? Betri. OM-1 ilitengenezwa kutumia betri ya zebaki ya volti 1.35, zile hazitengenezwi tena kwa sababu ya sumu. Ya duka la saa inayoingia pale ni ya alkali, volti 1.5. Inaingia vizuri, sindano ya kipima mwanga inacheza, unaona kila kitu sawa, kumbe ule umeme wa ziada unasukuma sindano juu zaidi ya ukweli, kamera inakuambia mwanga ni mwingi, wewe unabana lensi au unaongeza spidi ya shata, na filamu inapata pungufu, stopu nzima (yaani nusu ya mwanga unaotakiwa) au hata zaidi. Na ubaya wake, betri ya alkali volti zake zinashuka kadri inavyotumika, kwahiyo hata kosa lenyewe halitulii, leo liko hivi mwezi ujao liko vingine. Ndo mana unasema matokeo mchanganyiko. Dawa yake rahisi ni zile betri ndogo namba 675 za vifaa vya kusikia, zinatumia hewa na ziko karibu kabisa na volti ya zamani, zinahitaji kapete kadogo ka kuzishikilia zisicheze kwenye tundu lake. Hazikai muda mrefu, miezi miwili mitatu zimekauka, lakini zinasema kweli. Fundi mzuri pia anaweza kuunga kidude ndani cha kupunguza volti ukasahau habari hiyo.

La pili ni maji. Ile dakika 11 kwenye chati imeandikwa kwa nyuzijoto 20. Maji ya bomba Dar yanatoka 28, msimu wa joto hata zaidi, na mchanganyiko ukikaa chumbani unakuwa joto la chumba. Developa, yaani hiyo dawa ya kusafishia, ikiwa na joto inafanya kazi haraka, makadirio ya kawaida ni kwamba kila nyuzi moja inayopanda unapunguza kama sehemu moja ya kumi ya muda. Sasa wewe umesafisha kwenye 28 kwa dakika zilezile 11. Umeipika. Na wengine wanajibu tatizo hili kwa kupunguza muda tu, lakini ukifika huko 29, 30 muda unashuka chini ya dakika 5 na hapo filamu inaanza kutoka na mabaka kwa sababu dawa haijapata nafasi ya kusambaa sawasawa. Bora ushushe joto. Chupa ya developa weka kwenye ndoo ya maji na barafu pembeni, koroga, subiri ifike 24, hiyo unaweza kuishika hapa kwetu bila kuhangaika, halafu anza na dakika 7 na nusu. Na fiksa, ile dawa ya kuifanya picha idumu, na maji ya kusuuzia yasipishane sana na hiyo joto. Tafuta kipimajoto cha uhakika, hicho ndo kifaa pekee nitakachokulazimisha ununue.

Sasa nikueleze kwanini makosa haya mawili yanatoa hasa picha unayoiona, mana ukielewa hapa, ule ubishi wa rafiki zako utaupatia jibu mwenyewe. Kwenye filamu kuna chembechembe za fedha. Sehemu zilizopokea mwanga kidogo, yaani vivuli, nywele, ngozi iliyoko kivulini, zina chembe chache zilizoguswa, developa inazimaliza mapema kabisa, dakika za mwanzo tu zimeisha. Ukiendelea kusafisha, vivuli haviongezeki cha maana kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuongezeka. Lakini sehemu zenye mwanga mwingi, kanzu, mbingu, ukuta wa chokaa, zina chembe nyingi mno, zenyewe zinaendelea kujaa tu kila dakika unayoongeza. Kwahiyo vivuli vinaamuliwa na mwanga ulioingiza siku ya kupiga, na weupe unaamuliwa na muda wa kusafisha. Hii habari si ya juzi, Hurter na Driffield, mkemia na mhandisi kule Uingereza, walichapisha mwaka 1890 mchoro wa jinsi filamu inavyopokea mwanga na kuugeuza kuwa weusi, na mpaka leo namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kushika mwanga, iliyoko kwenye boksi imetokana na vipimo vya namna hiyohiyo.

Na hapa nirekebishe jambo moja nalisikia sana mtaani, kwamba ukisukuma HP5, ambayo ni ya ISO 400, mpaka 1600 filamu imekuwa ya 1600. Haijawa. Umeinyima mwanga stopu mbili halafu umeisafisha sana, weupe umepanda, kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, imepanda, lakini kivuli ambacho hakikupata mwanga hakirudi. Wakati mwingine ndo unachotaka, usiku, muziki, sawa. Lakini kwa uso wa bibi yako aliyekaa barazani, usifanye.

Basi turudi kwa rafiki zako. Huyu wa vipimo anazungumzia kitu cha kweli. Ansel Adams na Fred Archer, wapiga picha wa Marekani, kule Los Angeles, miaka ya 1939 na 1940, walipanga utaratibu wa zoni, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa mpaka 10 nyeupe ya karatasi, na katikati zoni ya 5 ambayo ndo ile kijivu ambayo kila kipima mwanga kinadhani dunia nzima iko hivyo. Ukipima kitu chochote kipima mwanga kinataka kukifanya kijivu. Ukipima kanzu, kitaifanya kijivu, na uso wa mwenye kanzu utazama. Ukipima ukuta mweusi kitaupandisha uwe kijivu. Kazi yako ni kukiambia hapana, hii naitaka juu, hii naitaka chini. Densitometa inakuja pale unapotaka kujua kwa namba kamili kwamba kivuli cha mwisho kimepata alama, 0.10 juu ya filamu tupu, ndo kipimo wanachotumia. Ni kazi nzuri. Lakini wewe huna densitometa, na hata ukiipata kwa mkopo itakula mikanda miwili mitatu kati ya 8 uliyonayo. Isitoshe nimewaona watu wa namna hiyo, wana madaftari ya grafu ya miaka, wanabadilisha developa kila mwezi na kila wakibadilisha wanaanza upya, ukiwaomba wakuonyeshe picha ya mama yao hawana. Hilo linaniuma.

Na yule wa hisia naye ana la kweli, ila historia amepewa nusu. Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, kweli alikuwa akikadiria mwanga kwa jicho, lakini chumba cha giza aliwaachia wengine, picha zake zilichapwa Paris na watu waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, negativu ngumu ikifika kwao ilipata mkono wa kuiokoa. Wewe mkono huo ni wako mwenyewe. Na Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako kule Mali, huyu mi nampenda kupita maelezo, alifungua studio yake 1948, kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18, na kwa sababu filamu ilikuwa ghali kila mteja alimpiga mara moja tu. Mara moja! Ukisikia hivyo unasema huyu alikuwa na hisia za ajabu. Alikuwa nazo, lakini fikiria pia, alikuwa anapiga kwenye uwanja uleule, kwa mwanga wa jua uleule, siku nenda rudi, watu kwa mamia, na anasafisha mwenyewe. Kila mteja alikuwa kipimo. Hakuandika grafu, ila mkono wake ulishajua kwamba saa hii, kwenye kivuli hiki, ngozi hii, kitambaa hiki cheupe, ni kiasi hiki.

Hata Adams mwenyewe, baba wa vipimo, picha yake inayojulikana kuliko zote, ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez kule New Mexico mwaka 1941, aliipiga bila kipima mwanga. Alikuwa barabarani jioni, akaona mwezi uko juu na jua la mwisho limeshika misalaba ya makaburi, akasimamisha gari, akasimika kamera haraka, kipima mwanga hakionekani. Akakumbuka kichwani mwangaza wa mwezi ni kiasi gani, akahesabu palepale, sekunde moja kwenye f/32, akapiga. Alipogeuza filamu apige ya pili mwanga umeshatoka kwenye misalaba. Negativu yenyewe ilikuwa ngumu, sehemu ya chini nyepesi, miaka baadaye ikabidi aiongeze nguvu kwa dawa. Sasa niambie, pale alipiga kwa kipimo au kwa hisia? Mi kila nikifikiri naona huwezi kuvitenganisha, ile hisia ilikuwa ni vipimo vya miaka vilivyoshuka mpaka kwenye vidole.

Kwahiyo ushauri wangu kwako ni huu, na nimeupanga kwa mikanda 8, si zaidi. Mkanda mmoja wa kupima, mmoja wa kujizoeza, sita iende Pangani.

Mkanda wa kupima ni hivi. Badili betri kwanza. Linganisha kamera na programu ya kupima mwanga kwenye simu, elekeza vyote kwenye ukuta mmoja wenye kivuli sawa, zikipishana nusu stopu usijali, zikipishana mbili rudi kwa fundi. Halafu mweke mtu, ndugu, jirani, mwenye ngozi kama ya watu utakaowapiga harusini, avae kanzu au shati jeupe lenye mikunjo, pembeni yake tundika kitambaa cheusi chenye nyuzi zinazoonekana, kanga nyeusi au baibui iliyokunjwa inafaa. Saa tisa au kumi alasiri, kwenye kivuli cha wazi, sio jua la saa sita. Pima mwanga kwenye kiganja chake kwa karibu, ongeza stopu moja, mana kiganja kinang'aa kuliko ile kijivu, hata kwetu sisi watu weusi kiganja ni cheupe, na hiyo ndo raha yake, kiganja cha yeyote kinafanya kazi. Piga picha nne, ISO ya kamera ukiiweka 400, 200, 100, na 800, kila moja ashike karatasi imeandikwa namba. Kisha rudia hizo nne mpaka mkanda uishe, mpangilio uleule.

Gizani, kwenye mfuko wa kubadilishia filamu, kata mkanda vipande vitatu. Hapo katikati picha moja mbili zitakatwa vibaya, ndo mana ulirudia. Kipande cha kwanza safisha dakika 7 na nusu kwenye 24, kikauke, kiangalie. Anzia 800 ukishuka, tafuta namba ya kwanza ambayo nyuzi za kitambaa cheusi zinaonekana bila kulazimisha, hiyo ndo ISO yako, ya kamera yako na maji yako, hata kama boksi linasema vingine. Sitashangaa ikiwa 200, watu wengi sana wanaishia 200 au 250 kwenye filamu ya 400 na hakuna aibu. Ukishaipata, angalia kanzu kwenye namba hiyohiyo, weka juu ya gazeti. Nzito? Kipande cha pili punguza dakika moja. Nyepesi, kanzu inaonekana chafu ya kijivu? Ongeza dakika moja. Kipande cha tatu ni cha kuhakikisha. Umemaliza, mkanda mmoja, kemikali kidogo, jumamosi moja. Andika ISO na dakika kwenye plasta nyuma ya kamera na usiguse tena habari za vipimo mpaka harusi ipite. Usibadilishe filamu, usibadilishe developa, hata kama mtu atakusifia nyingine.

Halafu hisia nayo inafundishwa, watu hawasemi hili. Kuanzia kesho, ukienda dukani, ukipanda daladala, ukiwa msikitini, kadiria mwanga kwa sauti ndani ya kichwa chako kabla ya kupima. Jua kali wazi ISO 400 ni f/16 kwa moja ya mia tano. Chini ya mwembe je? Ndani ya duka mlango ukiwa wazi je? Sema namba, ndo utoe simu uangalie. Kamera haihitaji hata filamu, haikugharimu kitu. Baada ya wiki tatu utashangaa unavyopatia. Mkanda wa pili sasa upige bila kuangalia sindano kabisa, siku moja, mtaani kwako, usafishe, uone umekosea wapi. Utakuta unakosea sehemu moja ileile kila mara, wengi wetu ni ndani ya nyumba, jicho linazoea giza haraka linadhani mwanga upo.

Nakwambia haya kwa sababu nilishalipa. Nilipiga harusi ya ndugu miaka mingi nyuma, mikanda miwili, nina uhakika wote duniani, wazee wamekaa safu moja chini ya mti, kanzu na makoti, na nyuma yao bahari inawaka. Nilipima bahari bila kujua. Negativu zilitoka na kanzu tisa zilizokaa kwenye viti, nyuso hamna. Wazee wanne kati ya wale hawapo tena, na watoto wao bado wananiuliza zile picha.

Kuna vitu vya kutofanya peke yako. Ukisikia shata ya OM-1 inalia tofauti kwenye spidi za chini, au upande mmoja wa picha unatoka mweusi kila ukipiga moja ya elfu, hiyo ni ya fundi wa kamera, sio fundi simu, usiifungue. Kama kuna mtu karibu nawe anayeprinti kwenye chumba cha giza, mwombe ukae naye siku moja tu na negativu zako, kwa saa mbili utaona vitu ambavyo mi siwezi kukuandikia, hasa ni uzito gani wa negativu unaoprinti kirahisi. Na D-76 ina kemikali inaitwa metoli, baadhi ya watu ngozi inaikataa, inaanza na kuwasha katikati ya vidole, ukiona hivyo vaa glavu, na ikiendelea acha kwanza na nenda hospitali, usijikaze mana kwa wengine inazidi kila wakigusa.

Kwa siku yenyewe ya Pangani. Kuozesha kutakuwa ndani, mwanga hafifu, fungua lensi mpaka f/1.8 na usiende chini ya moja ya thelathini, bana viwiko mbavuni, pumua, piga. Nje usipige wazee saa sita, jua liko utosini macho yote yanakuwa mashimo, omba wakae kivulini mgongo ukiwa kwa ukuta sio kwa bahari. Nenda mpaka mbele ya mzee mwenye ngozi nyeusi kuliko wote, msalimie, pima usoni kwake kwa karibu, kisha punguza nusu stopu mpaka stopu moja ili abaki na weusi wake mwenyewe asigeuke wa kijivu. Rudi nyuma, funga hiyo namba, usiiangalie sindano tena hata ikiruka kwa sababu ya kanzu. Kuanzia hapo angalia watu tu. Na zile negativu za zamani ukishazishika dirishani nitumie picha ya maandishi ya pembeni, nataka kuona kama nimekisia sawa kuhusu betri.